Safari ya Ghorofani

Bwana Hamid alisafirishwa kwenda Bara Hindi bila ya kuinuka kitandani. Aliyemsafirisha ni mkewe, Bi Shariffa, naye hakuhitaji ndege wala pasipoti. Alisimama tu mlangoni pake, Mji wa Kale, Ijumaa baada ya swala, mbele ya jirani yake Bi Nabiha aliyekuja na bakuli la uji wa mgonjwa, akasema:

"Ameondoka alfajiri. Watu wasema Hindi ndiko wayajuako maradhi haya."

Bi Nabiha alitazama ngazi iliyokuwa nyuma ya mwenzake, kisha akamtazama mwenzake usoni. Juu ghorofani mtu alikohoa. Kilikuwa kikohozi kizito cha mwanamume mtu mzima, na nyumba ile haikuwa na mwanamume mwingine.

"Mola amrudishe salama," alisema Bi Nabiha. Akamkabidhi bakuli, akavuka kichochoro kurudi kwake.

Bi Shariffa alifunga mlango akauegemea. Tangu walipokuwa wasichana hajapata kumwongopea Nabiha jambo kubwa kuliko bei ya leso, na leo amempeleka mume ng'ambo huku anakohoa. Uso ulimwaka kwa haya. Lakini alijiambia kwamba haya hii ni ndogo, itapita. Alikuwa akiikimbia nyingine iliyokuwa kubwa zaidi, na mtu akikimbia simba hahesabu miiba.

Hiyo kubwa ilianza na picha.

Bwana Hamid alikuwa na duka la masufuria na masinia Bondeni. Nusu ya harusi za mji huu zimepakuliwa pilau katika masinia yake. Kiharusi kilimkuta pale pale dukani, akimchagulia mteja kifuniko. Kifuniko kikamponyoka, na alipoinama kukiokota mkono wa kulia ukakataa kwenda. Mguu ukafuata, kisha mdomo ukaenda upande. Majirani wa duka walimkimbiza hospitali, na kwa bahati ilikuwa na ile mashine kubwa ya kupiga picha za ubongo, na daktari kijana, Mwikali, aliyesomea namna ya kuzisoma picha hizo katika siku za mwanzo kabisa, ili kukadiria kiungo gani kitarudi na kipi mtu asikitarajie.

Daktari aliwaita Bi Shariffa na binti yake Haifa, akaibandika picha kwenye kioo chenye taa.

"Kuna njia inayotoka hapa juu, inashuka mpaka mkononi," alisema, akiifuata kwa ncha ya kalamu. "Hiyo ndiyo inayopeleka amri. Hapa damu ilikosekana, pamekufa. Lakini tazameni, njia yenyewe imeguswa ukingoni tu, haikukatika. Wagonjwa wenye picha kama hii, wengi wao mkono huwarudia."

"Utarudi?" aliuliza Bi Shariffa.

"Wengi huwarudia, mama, wakiufanyisha kazi. Na kazi ni miezi hii mitatu ya mwanzo. Picha inatuambia mlango uko wazi. Haituambii kwamba mzee ameshaingia."

Haifa aliyasikia maneno yote. Mamake alisikia neno moja, "utarudi", ambalo daktari hakulisema. Alikuwa amelisema yeye mwenyewe.

Alikuwa na sababu ya kulitaka neno hilo. Nikaha ya Haifa na Ayman ilikuwa imekwisha wekwa, mwezi wa Rajabu, miezi minne mbele. Na kwa ada ya mji, baba anayeoza hukaa na bwana harusi magoti kwa magoti katikati ya msikiti, akamshika mkono wa kulia, na mkono kwa mkono akamtamkia kwamba amemwoza binti yake. Watu wote huitazama mikono ile miwili. Bwana Hamid hakuwa na mtoto mwingine. Alikuwa akiingojea siku hiyo tangu Haifa alipokuwa akivaa gauni la chuoni.

Mtaalamu wa viungo aliyepewa na hospitali aliitwa Rispah. Kwao bara, lakini amekaa Majengo miaka mingi na Kiswahili chake kimeshalowa. Alikuwa akija kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, amevaa sare yake ya buluu, anapanda ngazi mbili mbili, na jambo la kwanza alilolifanya ni kuomba leso. Aliukunja mkono wa kushoto wa Bwana Hamid, ule mzima, akaufunga kifuani.

"Wamfunga?" Bi Shariffa alimaka.

"Huu mzima ni mjuaji, mama. Tukiuacha huru utaingilia kila kazi, na huu mgonjwa utalala. Mtu akiwa na mtumishi hainuki kujitilia maji."

Bwana Hamid alicheka, mdomo upande. Rispah akamwekea masinia mawili mbele yake, moja lina kunde, jingine tupu. Kazi ilikuwa kuhamisha kunde, moja moja, kwa mkono wa kulia. Siku za kwanza hakuhamisha hata moja. Mkono ulikuwa ukienda kama mlevi, unapiga sinia, kunde zinatawanyika sakafuni na Haifa anazikusanya. Kisha asubuhi moja kidole gumba kilikutana na cha shahada, na kati yao pakawa na kunde. Bwana Hamid aliitazama, machozi yakamtoka.

"Mama Haifa! Ndoo hapa! Ndoo uone!"

"Picha haikudanganya," alisema Rispah, naye amefurahi kupita kiasi. "Sasa na chakula, mzee. Leo mchana ule mwenyewe. Utamwaga, lakini mwaga."

Na kweli akamwaga, ila hakumwaga bila ya kuonwa. Mchana ule ule mamake Ayman, Bi Hadeel, alikuja kumzuru mkwewe, na amefuatana na shemeji yake, Bwana Faraj, mtu mwenye kilemba na maneno machache. Walipiga hodi, Haifa akaitikia kutoka jikoni akidhani ni jirani, nao wakapanda. Walimkuta Bwana Hamid peke yake mbele ya sinia. Mkono wa kushoto umefungwa kifuani kwa leso ya maua, wa kulia uko hewani na tonge lisilojua liendako. Wali ulikuwa ndevuni, kifuani, mapajani, mpaka kwenye mkeka, na mate yalimtiririka upande ule wa mdomo usiomtii.

"Subhanallah," alisema Bi Hadeel. "Mbona mumemfunga mtu?"

Bwana Hamid alitaka kuinuka awapokee wageni kama ipasavyo. Alisahau kwamba amefungwa. Akaenda upande, kofia ikamwanguka katika mchuzi. Bwana Faraj aligeuka akaisoma kalenda ya ukutani, mwezi mzima, kana kwamba ameitwa kuja kuisoma. Bi Shariffa alitoka chumbani, akaona yote kwa mara moja: mume wake, wali, leso yake mwenyewe, na uso wa mkwewe uliojaa huruma. Huruma ile ndiyo iliyomuua. Angemwona amecheka angalau angemchukia.

Wakati wa kuondoka, chini mlangoni, Bi Hadeel alimshika mkono.

"Usije ukaona vibaya, dadangu. Ile siku msikiti utajaa, na kuna hao wapiga picha. Bwana Hamid si ampe mtu uwakala? Ami yake Ayman hapa yuko, au mtu wenu wenyewe. Si vyema aonekane hali hii."

"Mume wangu atamwoza mwanawe kwa mkono wake," alisema Bi Shariffa. "Picha imesema."

Akapanda, akashuka nayo. Mamake Ayman na Bwana Faraj waliinua ile picha kwenye mwanga wa mlango wakaikodolea macho, kama watu wautafutao mwezi wa Ramadhani, na kila mmoja akasema ameona.

Walipokwenda, Bwana Hamid alikuwa ameelekeza uso ukutani.

"Usinionyeshe tena kwa watu," alimwambia mkewe. "Mpaka mkono urudi, sitaki kuonekana na mtu."

Hapo ndipo Bi Shariffa alipoanza kuifikiria Hindi. Katika Mji wa Kale huwezi kuwakataza watu kumzuru mgonjwa. Ni haki yake na ni thawabu zao, na atakayewafungia mlango atasemwa mpaka kwa wajukuu. Lakini mgonjwa aliyesafiri hazuriwi. Atasafiri, mkono utarudi kama picha ilivyosema, kisha atateremka ngazi siku moja mzima, na watu watamwambia karibu. Kwa mtu aliyekuwa na uchungu, hesabu hiyo ilikuwa haina kasoro.

Kasoro ilipiga hodi Jumamosi asubuhi, imevaa sare ya buluu.

Bi Shariffa alifungua mlango nusu. Ng'ambo ya kichochoro dirisha la Bi Nabiha lilikuwa wazi, na muuza mkate alikuwa amesimama chini yake akirudisha chenji.

"Sabalkheri, mama. Mzee ameamkaje?"

"Mgonjwa hayuko," alisema Bi Shariffa, kwa sauti ya kusikika. "Kasafiri. Yuko Hindi."

Rispah alibaki na mguu mmoja kizingitini. "Hindi? Jana si aliniambia leo tutajaribu kifungo cha kanzu?"

"Mwanangu," Bi Shariffa aliinama, sasa akinong'ona, "nenda. Nakuomba nenda. Watu watazama. Tutaendelea wenyewe, picha imesema mkono utarudi."

"Mama, picha haifanyi mazoezi." Rispah naye alinong'ona; hakujua kwa nini, lakini alishikwa na soni ya mwenzake kama mtu anavyoshikwa na miayo. "Ni wiki hizi. Zikipita hazirudi. Nije mlango wa nyuma basi? Nije bila sare?"

"Hapana mlango wa nyuma."

Ulikuwapo. Bi Shariffa aliwaza kwamba mgeni wa siri wa mlango wa nyuma ni maneno mabaya kuliko mgonjwa. Akafunga. Juu, Bwana Hamid alikuwa amekaa na leso yake begani, tayari.

"Rispah hakuja?"

"Wamemhamisha," alisema mkewe. "Wamempeleka Voi."

"Ghafula hivi? Hata kuaga?" Bwana Hamid alisikitika kweli. "Binti mzuri. Basi tutafanya wenyewe, Mama Haifa. Nipa kunde zangu."

Alimpa. Lakini kunde zikianguka juu ya sinia la shaba zina sauti, na sakafu za mbao za nyumba hizi hazifichi siri. Mtu aliyeko chini mlangoni husikia paka akitembea juu. Siku ya pili ya safari mama mmoja wa jirani alikuja kuuliza habari za msafiri, na katikati ya maelezo ya hali ya hewa ya Bara Hindi kukasikika ta, ta, tata, kunde zinamwagika. "Panya," alisema Bi Shariffa. Jioni sinia likaondoka. Kisha kutembea nako kukaondoka, kwa sababu mguu ule ulikuwa ukiburuza, na hakuna panya anayeburuza mguu.

Usidhani alimtesa. Hajapata mume kutunzwa vile katika mtaa ule. Alimwosha, alimvisha, alimkata kucha, alimchana ndevu, na wakati wa chakula alikaa mbele yake akamfanyia tonge dogo dogo, akalipoza kwa pumzi yake, akamtia mdomoni, na punje moja haikuanguka. Kila punje isiyoanguka ilikuwa kwake ni heshima ya mume iliyookolewa. Mkono wa kulia aliulaza juu ya mto mweupe wenye tarizi, ukapumzika. Akawa anautazama kila asubuhi kama mtu atazamaye unga kama umeumuka.

"Umeusikia leo?"

"Kama kuna kitu," alisema Bwana Hamid. Baadaye akawa anasema, "Labda kesho." Vidole vilikuwa vimeanza kujikunja.

Watu waliendelea kuja mlangoni. Waliuliza yuko mji gani, anakula nini. Mmoja aliagiza sari, na Bi Shariffa akaahidi italetwa. Imamu wa msikiti wa mtaa, Sheikh Sami, alikuja mara kadhaa, akasimama kwa adabu ameupa mlango mgongo, akaondoka na jibu lile lile. Kila uongo ulidai mwenzake, na kila usiku wa kuamkia Ijumaa Bi Shariffa alisoma Yasini akiomba mkono urudi upesi, amalize kusema uongo.

Haifa alivumilia kwa kimya, kisha akashindwa. Ilikuwa jikoni, anakuna nazi.

"Mama, daktari hakusema hivi."

"Alisema nini?"

"Alisema ufanyishwe kazi. Siye tumeulaza kwenye mto."

"Wewe wataka wakwe zako wamwone babako amefungwa kama mwizi, mate yamtoka?"

"Naona ni bora kuliko—"

"Bora!" Bi Shariffa aliweka sufuria kwa kishindo. "Hukuuona uso wa mkweo siku ile? Mimi niliuona. Siku ya nikaha yako utakuja unishukuru."

Haifa alirudi kwenye mbuzi yake ya nazi. Angeweza kuvaa buibui akaenda hospitali kumtafuta Rispah. Hospitali haikuwa mbali. Hakwenda. Kwa sababu siku ile ya wali, Ayman alimpigia simu jioni akamuuliza, kwa upole, "Ni kweli babako yuko vile?" na yeye Haifa akajibu, "Ni siku za mwanzo tu." Aliona aibu juu ya babake, kisha akaona aibu kwa kuona aibu, na aibu mbili zikikaa kifuani mwa msichana mmoja ulimi hufungika. Mficha maradhi kifo humuumbua, wasema wahenga, na nyumba nzima ilikuwa ikiyaficha.

Ikaja siku ya kurudi kwa daktari. Miezi mitatu ilikuwa imekwisha. Mkono ulikuwa umekuwa ngumi.

Tatizo lilikuwa kumtoa mgonjwa nyumbani na huku yuko Hindi. Bi Shariffa alikuwa ameshalifikiria. Aliingia chumbani na buibui lake la zamani, lile pana, na nikabu.

Bwana Hamid alilitazama kwa muda mrefu.

"Mimi, Shariffa?"

Hakupata kumwita jina tupu tangu walipooana.

"Kichochoro tu," alisema mkewe, macho chini. "Mpaka kwenye tuktuk. Leo tu. Kisha utarudi na mkono wako."

Alikubali. Mtu aliyelishwa na kuvishwa miezi mitatu husahau namna ya kukataa. Wakateremka, Haifa mbele, Bi Shariffa amemshika kwapani bibi mmoja mrefu, mpana wa mabega, aliyeburuza mguu wa kulia. Wakakutana uso kwa uso na Bi Nabiha akirudi sokoni. Kichochoro chembamba, hapana pa kukimbilia.

Bi Nabiha alijibana ukutani awapishe. Macho yake yaliteremka yakaona makubadhi ya kiume chini ya buibui, yakainuka haraka.

"Sabalkheri, Bi Shariffa," alisema. "Nawe bibi, sabalkheri. Mola akuafu."

Yule bibi hakujibu. Nyuma ya nikabu machozi yalikuwa yakimtiririka, na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

Pale hospitali walikaa benchini kati ya wagonjwa wengine. Bi Shariffa alikuwa amesahau jambo dogo. Muuguzi alitoka na faili, akaita kwa nguvu, "Hamid! Hamid wa Bondeni!" Hakuna aliyeinuka. Akaita tena. Hapo yule bibi mrefu akasimama, taratibu, ameegemea bega la binti yake. Mzee mmoja alisema, "Haya tena," na kijana mmoja akacheka, akajiziba mdomo akiwa amechelewa. Kutoka benchini hadi mlango wa daktari ni hatua chache, lakini Bi Shariffa alizitembea kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni, naye siye aliyevishwa za kuazima.

Dkt. Mwikali hakuuliza habari ya buibui. Alimvua nikabu kwa upole, akamshika mkono, akajaribu kukifungua kidole kimoja. Bwana Hamid akauma meno.

"Mlifanya mazoezi?"

Mlango ukafunguka, Rispah akaingia na sare yake ya buluu, na Bwana Hamid akainua kichwa kwa furaha ya kweli.

"Binti! Umerudi? Si walikuhamisha Voi?"

Rispah alimtazama Bi Shariffa. Bi Shariffa alitazama sakafu. Furaha ilimtoka Bwana Hamid usoni polepole, ikabaki mdomo wake ule wa upande.

"Nilimrudisha mlangoni," alisema Bi Shariffa. "Asubuhi ile ya Jumamosi. Nilimwambia uko Hindi. Hakuhamishwa popote."

Daktari aliibandika picha ya zamani kwenye taa, labda kwa kukosa la kufanya.

"Yenyewe haikukosea," alisema. "Mguu umerudi kwa sehemu kubwa bila hata kusaidiwa. Na njia ya mkono bado iko pale pale."

"Basi mbona mkono haukuja?" aliuliza Bwana Hamid.

"Njia haikupitiwa, mzee." Alivuta kiti akakaa karibu naye. "Tutaanza tena, Rispah yuko. Utapata kitu, labda kushika fimbo, labda kuushikilia mkate ukiukata. Lakini ule wepesi wa miezi ya mwanzo umepita. Sitakudanganya."

Bwana Hamid kwa mkono wa kushoto alianza kulivua buibui. Halikuwa jambo jepesi. Lilimnasa kichwani, na Bi Shariffa alipoinuka amsaidie alimzuia kwa kiganja. Alilivua mwenyewe, akalikunja vibaya, akaliweka kitini. Ndani alikuwa na kanzu yake.

Alipita ukumbini akiwa ni Hamid wa Bondeni. Aliteremka kwenye tuktuk mwanzo wa kichochoro, mahali penye watu wengi barazani, akatembea katikati yao akiburuza mguu, ngumi imemganda kifuani. Bi Shariffa alimfuata nyuma. Watu wote waliinuka. Na hapo likatokea jambo ambalo hakulitarajia: hakuna aliyeshangaa.

"Pole na safari, Bwana Hamid!"

"Alhamdulillahi, umerudi salama."

"Hindi wakuonaje?"

Waliulizana hali kwa ustaarabu wote wa mji huu, kila mmoja akijua, kila mmoja akimstiri. Bi Shariffa alingoja mume wake aseme kweli. Alikuwa na haki.

"Safari ilikuwa ndefu," alijibu Bwana Hamid. "Nimechoka, ndugu zangu. Nimechoka sana."

Alimfichia. Bi Shariffa alitamani ardhi ipasuke.

Sheikh Sami alikuja jioni ile ile, baada ya alasiri, kumzuru msafiri aliyerudi. Walikaa sebuleni juu, madirisha wazi kwa mara ya kwanza. Bi Shariffa alikuwa nyuma ya pazia akitia kahawa katika dele. Alimsikia mume wake akitafuta maneno.

"Sheikh, nina jambo la nikaha ya mwanangu. Mkono huu, kama uonavyo, hautashika tena. Nami nilitaka kumwoza mwenyewe. Sasa nakuuliza, nimpe nani uwakala?"

"Uwakala wa nini?" alisema Sheikh Sami. "Wewe u hai, una akili zako, wasema na mimi hapa nakufahamu. Utamwoza wewe."

"Na mkono?"

"Mkono si sharti, Bwana Hamid. Ile ni ada tu, watu waipenda. Kifungacho ndoa ni neno la walii na jibu la bwana harusi. Ukitaka kushika, Ayman ataishika ngumi yako. Ukitaka, musishikane kabisa. Neno lako latosha."

Chini, mtu alikuwa akimwita mtoto aje kula.

"Nikaha ingekuwa sahihi hata na wali ndevuni?" aliuliza Bwana Hamid.

Sheikh hakuelewa, lakini alijibu. "Hata na wali ndevuni." Akaendelea kwa nia njema, kama watu wema waumizavyo: "Ningekwambia mapema. Nilikuja hapa mlangoni mara ngapi, nikaambiwa hujarudi."

Bi Shariffa alitoka nyuma ya pazia. Hakuwa amevaa sawa, leso imemteleza kichwani, dele mkononi.

"Hakwenda, Sheikh," alisema. "Alikuwa chumba hichi hichi, yuwaisikia sauti yako. Mimi ndiye niliyekurudisha. Nimemfungia mume wangu, nimemvisha buibui langu, nimeula mkono wake kwa ajili ya macho ya watu."

Alisimama akingoja. Alitaka atukanwe, mtu mmoja tu, neno moja, ili alibebe alijue uzito wake. Bwana Hamid alikuwa ameuteremsha uso, vidole vya mkono wa kushoto vinajaribu kuifungua ngumi ya kulia, kidole kwa kidole, navyo vinarudi.

"Twajua, Bi Shariffa," alisema Sheikh Sami taratibu. "Mtaa mzima twajua."

Kisha alinyoosha kikombe, akamwomba amtilie kahawa.